Manukato Matamu ya Matunda kwa Jinsia Zote: Mwongozo Kamili wa Kuyachagua, Kuyajaribu na Kuyavaa

Manukato yanayonukia vitu vya kuliwa, kama vile vanila, karameli, asali, kakao na matunda yaliyoiva, watungaji wake huyaita gurmandi, neno la asili ya Kifaransa linalomtaja mtu apendaye kula vizuri. Yakiongezwa matunda mengi, kisha yakatungwa bila kumlenga mwanamume wala mwanamke peke yake, hupatikana aina ya manukato ambayo ni rahisi kuipenda papo hapo na ni vigumu kuishi nayo kutwa nzima. Karibu kila chupa ya aina hii huvutia inapopulizwa mara ya kwanza. Tofauti kati ya iliyotungwa kwa ustadi na iliyotungwa kwa haraka hujitokeza baadaye, tunda linapokuwa limekwisha kuruka hewani na kilichobaki mwilini ni msingi peke yake: moja hubaki na joto tulivu linalomfanya mtu anuse tena mkono wake, na nyingine hubaki na harufu ya sukari iliyogandamana, nzito, inayochosha na hata kuumiza kichwa.

Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo moja ninaloliamini kwa dhati baada ya kuvaa manukato mengi ya aina hii na kuyakataa mengi zaidi. Ukitaka kuujua ubora wa manukato matamu, usihangaike na utamu wenyewe, maana huo utaukuta tu. Tafuta kilichowekwa kuuzuia usizidi, iwe ni ukali wa ndimu, uchungu wa kakao, ukavu wa mbao, moshi au chumvi. Kizuizi hicho ndicho kinachoyafanya yavalike kutwa, na ndicho hicho hicho kinachoyafanya yamfae mtu yeyote.

Kabla ya kununua: utamu hutoka wapi

Si lazima mtu awe mkemia ili achague manukato, lakini anayezijua malighafi chache za utamu hapumbazwi kwa urahisi na maneno yaliyoandikwa kwenye kasha. Iliyo kongwe kati yake ni vanila. Vanilini, ambayo ndiyo kiini kikuu cha harufu ya vanila, ilitengenezwa maabarani mwaka 1874 na Wajerumani Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann, na mwaka 1889 kampuni ya Guerlain ya Ufaransa ikatoa Jicky, manukato yaliyoiunganisha vanilini na kumarini, yenye harufu ya nyasi kavu na lozi, chini ya mrujuani (lavenda) mkavu. Jicky yamevaliwa na wanaume kwa wanawake, jambo linaloonyesha kwamba wazo la utamu usio na jinsia si geni hata kidogo. Mwaka 1925 kampuni hiyo hiyo ikatoa Shalimar, ambayo ilitumia ethili vanilini, ndugu wa vanilini mwenye nguvu zaidi.

Malighafi ya pili ni ethili maltoli. Harufu yake ni ya sukari iliyoyeyuka sufuriani ikaanza kubadilika rangi, na hiyo ndiyo iliyozaa gurmandi kama tunavyoijua leo. Mwaka 1992 Thierry Mugler alitoa Angel, iliyotungwa na Olivier Cresp, na ndani yake sukari hiyo iliwekwa kwa kiasi ambacho wengi hawakuwahi kukinusa katika manukato. Watu hukumbuka karameli na chokoleti ya Angel, lakini kilichoyafanya manukato hayo yasimame ni pachuli, jani lenye harufu ya udongo, mbao na kakao chungu, lililowekwa kwa wingi ili kupambana na sukari. Ondoa pachuli, na kitakachobaki ni peremende tu.

Kisha kuna matunda yenyewe, na hapa pana jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifahamu. Machungwa, ndimu, malimau na bergamoti hutoa mafuta yao ya harufu kwa kukamuliwa maganda, lakini stroberi, pichi, tufaha, peasi na cheri hazitoi mafuta ya namna hiyo yanayofaa kazi ya manukato. Harufu zake hujengwa na mtungaji kutokana na kemikali moja moja, ambazo nyingi hupatikana pia ndani ya matunda hayo. Ethili butireti hukumbusha nanasi. Isoamili asetati hukumbusha ndizi. Benzaldehidi ndiyo iliyomo katika lozi chungu na pia katika harufu tunayoiita cheri, na ndiyo sababu cheri na lozi huandamana mara kwa mara katika chupa moja. Gama-undekalaktoni hunukia pichi iliyoiva, na ilikwisha kutumika katika Mitsouko ya Guerlain tangu mwaka 1919. Damaskoni, ambazo asili yake ni harufu ya waridi, huleta tufaha lililopikwa na plamu. Kwa hiyo neno "asilia" katika tangazo la manukato ya stroberi lisikupe uzito wowote moyoni: tunda hilo limeundwa, na ustadi wa aliyeliunda ndio unaopaswa kuupima.

Kwa nini yanaweza kuvaliwa na yeyote

Molekuli hazina jinsia. Kinachoitwa harufu ya kiume au ya kike ni mazoea ya biashara, na mazoea hayo hubadilika. Mwaka 1994 Calvin Klein walitoa CK One kwa wanaume na wanawake pamoja, lakini hayo yalikuwa manukato mepesi ya ndimu na majani ya chai, si matamu. Kwa upande wa gurmandi mgawanyo ulidumu zaidi: Angel yaliuzwa kwa wanawake, na mwaka 1996 Mugler wakatoa A*Men kwa wanaume, wakiyaweka kahawa na lami mahali ambapo yale ya kwanza yalikuwa na matunda. Ukiyanusa yote mawili bila kuziona chupa, utatambua kwamba mifupa yake ni ile ile, karameli juu ya pachuli. Miaka iliyofuata kampuni nyingi ziliacha kutenganisha, na manukato kama Baccarat Rouge 540 ya Maison Francis Kurkdjian ya mwaka 2015 au Lost Cherry ya Tom Ford ya mwaka 2018 yaliuzwa bila kutaja jinsia.

Hata hivyo, kuandika kwenye kasha kwamba manukato ni ya wote hakuyafanyi yawe hivyo mwilini. Katika uzoefu wangu, manukato matamu ya matunda huvalika na kila mtu pale msingi wake unapokuwa mkavu: sandali, mwerezi, vetiva (mizizi ya nyasi yenye harufu kavu), pachuli, zafarani, ubani au ambari. Msingi unapokuwa wa miski laini na sukari tupu, huelekea kunukia kama losheni au shampuu ya watoto, na mvaaji mtu mzima, awe mwanamume au mwanamke, huhisi kwamba amevaa kitu kisicho chake.

Hatua ya kwanza: amua unataka utamu wa namna gani

Watu husema kwamba wanapenda manukato matamu, kisha hushangaa kwamba mawili kati ya matatu waliyonunua hawayavai. Sababu ni kwamba utamu una sura nyingi. Kuna utamu wa maziwa na krimu, unaotokana na vanila, sandali na laktoni (kemikali zenye harufu ya krimu) za pichi na nazi, ambao hukaa karibu na ngozi na hutuliza. Kuna utamu wa sukari iliyoungua, unaosambaa mbali na kukaa muda mrefu kwenye nguo. Kuna utamu mzito wa asali, tumbaku na matunda yaliyokaushwa, ambao una giza ndani yake. Na kuna utamu wa tunda bichi lenye maji, ambao huburudisha lakini hauishi muda mrefu, kwa kuwa molekuli zake ni nyepesi.

Tunda nalo lichaguliwe kwa makini. Nanasi, peasi na tufaha huchangamka mwanzoni na kupotea mapema. Pichi, plamu na nazi hushuka hadi kwenye msingi kwa sababu laktoni na damaskoni hukaa zaidi. Rasiberi na stroberi zina hatari ya kugeuka sharubati zisipowekewa kitu chachu au chenye majani mabichi. Mimi hupendelea plamu na cheri kwa anayeanza, kwa kuwa yana uchungu kidogo ndani yake na hivyo hujizuia yenyewe, ingawa najua wapo wanaochoshwa na lozi inayoandamana na cheri.

Hatua ya pili: soma orodha ya harufu kutoka chini kwenda juu

Kampuni huandika harufu za mwanzo, za kati na za msingi. Mnunuzi kwa kawaida husoma zile za mwanzo, anakutana na embe na rasiberi, na moyo wake unakwisha kuamua. Fanya kinyume. Harufu za mwanzo hudumu dakika 15 hadi 30 hivi, za kati huchukua saa chache, na za msingi ndizo utakazoishi nazo hadi jioni. Tazama basi msingi kwanza: ukiona vanila, karameli, miski na sukari bila mbao, utomvu, viungo wala kitu kichungu, tahadhari. Ukiona vanila pamoja na vetiva, au karameli pamoja na ubani, kuna tumaini.

Orodha hiyo hata hivyo ni maelezo ya kuvutia wanunuzi, si hesabu ya vilivyomo. Haitaji kiasi, na mara nyingi inataja taswira badala ya malighafi. Itumie kupunguza idadi ya chupa utakazozijaribu, kisha iweke kando na uiachie pua kazi.

Hatua ya tatu: anza na karatasi, lakini usiishie hapo

Puliza mara moja kwenye kijikaratasi cha kujaribia kutoka umbali wa sentimita 15 hivi, kisha ngoja nusu dakika ili alkoholi iruke kabla ya kunusa. Andika jina na saa kwenye kila karatasi, kwa maana baada ya ya tatu hutakumbuka ipi ni ipi. Usijaribu zaidi ya manne au matano kwa wakati mmoja. Ethili maltoli na vanilini zina nguvu kiasi kwamba pua huzizoea haraka, na manukato ya tano yataonekana kuwa hayana utamu wowote ilhali ndiyo matamu kuliko yote.

Wauzaji wengi hukupa punje za kahawa unuse ili kuisafisha pua. Ushauri wangu ni kuacha. Kahawa haisaidii kuliko hewa safi, na katika gurmandi inaharibu kabisa, kwa kuwa yenyewe ni harufu ya kuliwa inayofanana na zile unazozipima. Nusa upande wa ndani wa kiwiko chako mahali pasipo na manukato, au toka nje ukapumue kwa dakika kumi.

Zichukue karatasi nyumbani. Siku ya pili asubuhi zinuse tena. Karatasi haina joto la mwili, hivyo huhifadhi msingi kwa muda mrefu na kuuonyesha waziwazi. Ikiwa kilichobaki asubuhi kinakukinaisha, hakuna haja ya kufika kwenye ngozi.

Hatua ya nne: siku nzima kwenye ngozi

Hii ndiyo hatua inayoamua, na ndiyo inayorukwa na wengi. Mimi mwenyewe niliwahi kuiruka: nilipuliza mkononi manukato ya pichi yaliyonukia kama tunda lililokatwa wakati huo huo, nikayalipia ndani ya dakika tano, na nilipofika nyumbani pichi ilikuwa imekwisha kutoweka na mkononi pangu palikuwa na sharubati nzito iliyonifuata hadi usiku. Chupa ile niliigawa ikiwa imejaa. Tangu siku hiyo sinunui chochote kitamu kabla ya kukivaa kutwa mara mbili, siku mbili tofauti, na ikiwezekana moja iwe ya joto na nyingine ya baridi.

Chagua siku ambayo hukupaka losheni yenye harufu. Puliza mara moja upande wa ndani wa mkono mmoja, na ukipenda kulinganisha, manukato mengine kwenye mkono wa pili, mawili yanatosha. Usisugue vifundo vya mikono kwa pamoja. Si kweli kwamba kusugua huvunja molekuli, kama inavyosemwa, lakini msuguano huongeza joto na kuziharakisha harufu nyepesi kuruka, na katika manukato ya matunda hizo nyepesi ndizo tunda lenyewe.

Kisha nusa na uandike mara tano: mara tu alkoholi inaporuka, baada ya dakika 15, baada ya saa moja, baada ya saa tatu, na baada ya saa sita. Usiandike tu kwamba yananukia vizuri. Mwanzoni jiulize kama unalitambua tunda au ni utamu mwekundu usio na jina. Kwenye dakika ya 15 angalia kama tunda limeshuka polepole au limekatika ghafla na kuacha pengo. Katika saa ya kwanza tafuta kile kizuizi nilichokitaja: je, kuna kitu kikavu, kichungu, kichachu au chenye moshi? Saa ya tatu ndiyo hukumu. Wakati huo msingi umeshika nafasi yake, na swali ni moja, kama ungependa kuendelea kuwa karibu na harufu hii kwa saa nyingine tatu. Saa ya sita hukueleza uimara tu, na uimara peke yake si sifa. Sukari mbaya hudumu sana.

Ukifika saa ya pili ukadhani manukato yamekwisha, usikubali haraka. Pua huacha kuitambua harufu iliyoizoea, na zipo miski na ambari za maabara ambazo baadhi ya watu hawazinusi kabisa kwa maumbile yao. Muulize mtu unayemwamini, asimame umbali wa mkono mmoja, kisha hatua mbili. Mwombe aeleze anachonusa bila wewe kumtajia tunda. Akisema "keki", manukato yako yameelemea upande mmoja. Akisema "kitu kitamu, lakini sijui ni nini", umepata mtungo wenye tabaka.

Ngozi kavu huyapoteza manukato mapema, na ngozi yenye mafuta huyashika zaidi. Joto la mwili huinua utamu. Ndiyo maana manukato yaliyomkaa vizuri rafiki yako yanaweza kukuelemea wewe, na hakuna maelezo ya mtu mwingine, hata haya yangu, yanayoweza kuchukua nafasi ya mkono wako.

Hatua ya tano: chagua ukolezi na ukubwa wa chupa

Maneno ya Kifaransa yaliyo kwenye chupa hueleza ni sehemu gani ya kimiminika ni mafuta ya harufu. Kwa kawaida eau de toilette huwa na asilimia 5 hadi 15, eau de parfum asilimia 15 hadi 20, na extrait de parfum asilimia 20 hadi 30 au zaidi, ingawa hakuna kipimo kimoja kinachozibana kampuni zote. Katika manukato matamu, ukolezi mkubwa haumaanishi tu kudumu zaidi. Mara nyingi msingi huongezwa na harufu za mwanzo kupunguzwa, hivyo toleo kali la manukato yale yale huwa zito zaidi na lenye tunda dogo. Anayependa matunda hasa ajaribu kwanza toleo jepesi, na asione kwamba amechukua la hali ya chini.

Kuhusu ukubwa, mpulizo mmoja hutoa takriban sehemu moja ya kumi ya mililita, yaani chupa ya mililita 50 ina mipulizo karibu 500. Anayepuliza mara mbili kwa siku, siku tatu kwa juma, ataimaliza kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Chupa ya mililita 30 humtosha mtu mwenye manukato mengine ya kubadilisha.

Hatua ya sita: yavae kwa kiasi, na mahali panapofaa

Kosa kubwa la wavaaji wa gurmandi ni wingi. Anza na mipulizo miwili, ukiwa umekwisha kuoga na ngozi ikiwa imepakwa losheni isiyo na harufu, kwa kuwa ngozi yenye unyevu hushika manukato vizuri zaidi. Mpulizo mmoja uende kifuani chini ya nguo, ambako joto huutoa polepole na kitambaa huuchuja, na wa pili uende kwenye kisogo au upande wa ndani wa kiwiko. Shingoni kwa mbele, chini kabisa ya pua yako, pasipulizwe. Utachoka baada ya nusu saa, kisha utadhani manukato yamekwisha na utaongeza, na wenzako ndio watakaoubeba mzigo huo.

Siku za joto punguza hadi mpulizo mmoja, na chagua manukato ambayo tunda lake ni chachu. Siku za baridi vanila na karameli huhitaji msaada, na mpulizo wa tatu kwenye skafu au ndani ya koti si dhambi. Katika chumba kidogo kilichofungwa, ndani ya gari, hospitalini, na mahali watu wanapokula, utamu mwingi ni kero. Mle watu wanahitaji kunusa chakula chao au kupumzika bila kunusa chochote. Nalisisitiza hili kwa kuwa nayapenda manukato haya na sipendi yachukiwe kwa sababu ya mvaaji.

Nguo hushika harufu kwa muda mrefu kuliko ngozi, lakini kimiminika chenye vanilini nyingi huwa na rangi ya manjano au kahawia, na huacha doa kwenye kitambaa cheupe. Kola ya shati langu jeupe la hariri haikurudi kuwa jeupe baada ya mpulizo mmoja wa karibu. Puliza upande wa ndani wa nguo nyeusi, kutoka umbali wa sentimita 20, na uache pakauke kabla ya kuvaa.

Kama manukato uliyonayo ni matamu kupita kiasi, usiyatupe kabla ya kujaribu kuyachanganya mwilini. Pakaa kwanza mafuta au manukato makavu yenye mti mmoja tu, kama vile sandali, mwerezi au vetiva, ngoja dakika tano, kisha puliza yale matamu mara moja juu yake. Kwa namna hii unaiongeza mwenyewe ile sehemu ambayo mtungaji aliipunguza. Udi nao hufanya kazi vizuri chini ya cheri na plamu, ila uwe kidogo sana. Usichanganye matamu mawili. Sijawahi kuona mchanganyiko wa karameli na karameli uliozaa kitu kilicho bora kuliko kila mojawapo.

Usalama wa ngozi na wa nyumba

Mwenye ngozi nyepesi kudhurika apulize kidogo upande wa ndani wa kiwiko na kusubiri saa 24 hadi 48 kabla ya kuyavaa. Asome pia orodha ya viambato kwenye kasha: limonini, linaluli, kumarini na benzili alkoholi ni miongoni mwa majina ambayo Umoja wa Ulaya huwalazimisha watengenezaji kuyaandika kwa sababu huwaletea watu wengine mzio, na mwaka 2023 orodha hiyo iliongezwa kutoka 26 hadi zaidi ya 80. Malighafi za ndimu zikikaa muda mrefu na kuingiliwa na hewa huongeza uwezekano wa mzio, hivyo chupa ya zamani iliyokuwa haikudhuru inaweza kuanza kukuwasha. Mafuta ya bergamoti yasiyosafishwa yana bergapteni, inayoweza kuunguza ngozi ikipigwa na jua. Kampuni zinazofuata viwango vya IFRA, shirika la kimataifa la sekta hiyo lililoanzishwa mwaka 1973, huidhibiti, lakini anayenunua mafuta yaliyochanganywa kienyeji asiyapake mahali panapopata jua.

Na liwekwe wazi jambo ambalo miongozo mingi hulipita: manukato yanayonukia stroberi na peremende huwavutia watoto wadogo, na ndani yake mna ethanoli (alkoholi) nyingi kuliko vinywaji vingi vya kileo. Chupa ikae juu, ndani ya kabati linalofungwa, na mbali na moto. Mtoto akinywa, hata kama anaonekana mzima, apelekwe kwa daktari mara moja pamoja na chupa yenyewe.

Kuhifadhi

Mwanga, joto na hewa ndivyo vinavyoharibu manukato, na tunda ndilo linaloharibika kwanza. Iweke chupa ndani ya kasha lake, mahali pakavu penye joto lisilobadilika, karibu nyuzi 15 hadi 20. Bafuni pana mvuke na joto linalopanda na kushuka kila siku, hivyo hapafai, na dirishani hapafai zaidi. Usiyahamishe manukato kwenye chupa nyingine isipokuwa kwa matumizi ya safari, na ukihamisha, jaza chupa ndogo hadi karibu na mdomo ili hewa isipate nafasi.

Usiogope rangi inapogeuka kuwa kahawia. Vanilini hufanya hivyo kadiri muda unavyopita, na harufu ya msingi inaweza kubaki nzima kabisa. Kinachoonyesha kwamba manukato yameharibika ni mwanzo wake: badala ya tunda unapata ukali wa siki, wa mafuta yaliyochacha au wa rangi ya kucha. Puliza kwenye karatasi, ngoja dakika 20, kisha nusa tena. Ikiwa ukali umeondoka na vanila na mbao ziko salama, bado yanaweza kuvaliwa, ila uyapulize nusu saa kabla ya kutoka nyumbani.